Tujue Kazi ya Kusoma Picha za Meno na Taya



Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ya utabibu ambayo wengi wetu tunaihitaji siku moja, lakini wachache tunaijua. Nayo ni kazi ya kupiga na kusoma picha za meno, taya na uso. Tunaileta kwenu kwa sababu mbili. Kwanza, kila familia yafaa ijue ni lini picha hiyo inahitajika. Pili, wapo watoto wetu walio sekondari wanaopenda masomo ya sayansi, na hawajui kwamba kazi hii nayo inasomewa.

Tuanze na habari ya binti mmoja wa hapa Chang'ombe. Chang'ombe yetu ya Dodoma, si ile ya Dar es Salaam. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na kidogo, na riziki yake ilikuwa kuuza mboga. Alikuja kwetu kwa ajili ya homa. Tulipomtazama tukaona shavu la kushoto limejaa, mithili ya mtu aliyeficha tonge la ugali upande mmoja. Tukamwuliza kama panauma, akajibu kwamba hapaumi. Tukamtibu homa, tukamwambia, "Binti, ukang'oe hilo jino." Akaenda mahali akang'olewa gego. Uvimbe haukupungua. Baada ya miezi kadhaa aking'olewa la pili. Uvimbe ukaendelea kukua polepole. Nyumbani wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Ilipita karibu miaka miwili kabla ya mtu yeyote kumpiga picha ya taya. Ilipopigwa, mfupa wa taya la chini upande wa kushoto ulionekana umetobolewa matundu mengi yaliyoshikana, kama povu la sabuni. Ulikuwa uvimbe unaoitwa ameloblastoma. Huo huota kutokana na chembe zile zile zinazohusika na kutengeneza jino. Kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini hula mfupa taratibu bila maumivu, na usipoondolewa wote hurudi tena. Binti yule alipelekwa Dar es Salaam, akakatwa sehemu kubwa ya taya. Anaishi, tunamshukuru Mungu, na amerudi kwenye biashara yake. Lakini anatafuna upande mmoja tu, na akipita barabarani huvuta khanga kufunika shavu.

Tunaieleza habari hii kwa sababu na sisi tulikuwa na sehemu yetu ndani yake. Siku ile ya kwanza tuliona uvimbe, tukafikiri jino, tukaishia hapo. Kama tungemwelekeza akapigwe picha, huenda angekatwa kipande kidogo tu.

EKSIREI ILIVYOFIKA KINYWANI

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen tarehe 8 Novemba 1895. Hata miezi mitatu haikupita, daktari wa meno wa huko huko Ujerumani, Otto Walkhoff, akajipiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilikuwa Januari 1896, na alilazimika kukaa bila kujitikisa kwa dakika 25. Siku hizi picha ya jino hupigwa kwa muda usiofika sekunde moja.

Hapo mwanzo watu hawakujua kwamba mionzi hiyo yaweza kudhuru. Huko New Orleans, Marekani, daktari wa meno Edmund Kells alikuwa akishika filamu kwa vidole vyake mwenyewe ndani ya vinywa vya wagonjwa, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Saratani ikamshika vidole, vikakatwa, na hatimaye ukakatwa mkono. Alifariki mwaka 1928. Kutokana na mateso ya watu kama yeye, ulimwengu ulijifunza kwamba chombo hiki chahitaji mtu aliyefundishwa.

Baadaye yakaja maendeleo mengine. Mfini mmoja, Yrjö Paatero, aliendeleza mashine inayozunguka kichwa cha mgonjwa na kutoa picha ya taya zote mbili na meno yote kwa mara moja. Hiyo ndiyo picha aliyopigwa binti yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikatokea mashine zinazompa daktari urefu, upana na kina cha mfupa, hata akaweza kuutazama kwenye kompyuta upande wowote anaotaka.

MWANAFUNZI ANAJIFUNZA NINI?

Watu wengi hudhani kazi ni kubonyeza kitufe. Kubonyeza hujifunzwa upesi. Kilicho kigumu ni kuelewa kile kinachoonekana.

Picha ya eksirei ni vivuli. Jino lililozibwa kwa madini huonekana jeupe kabisa, ganda gumu la jino huonekana jeupe, mfupa huwa wa kijivujivu, na penye tundu au hewa huwa peusi. Kwa hiyo mwanafunzi huanza kwa kujifunza kichwa cha mtu mzima asiye na ugonjwa: meno yake 32, mifupa ya uso, mashimo ya hewa yaliyo pembeni mwa pua, njia za mishipa ya fahamu. Kisha hujifunza kinywa cha mtoto, chenye meno 20 ya utoto juu na meno ya ukubwani yakiwa bado yamejificha mfupani. Asiyekijua kizima hawezi kukitambua kigonjwa.

Tutoe mifano mitatu ili mwone ugumu wake.

Mfano wa kwanza: katika taya la chini, karibu na magego madogo, kuna tundu ambalo Mungu ameliweka ili mshipa wa fahamu utoke kwenda mdomoni. Katika picha, tundu hilo laweza kuangukia hasa kwenye ncha ya mzizi wa jino, likaonekana kama doa jeusi. Mgeni wa kazi atasema, "Hapa pana usaha," na jino zima litang'olewa bure. Aliyesoma atapiga picha nyingine kwa pembe tofauti. Doa likihama kutoka kwenye mzizi, anajua kwamba ni tundu tu.

Mfano wa pili: katika picha ya taya zima, hereni ya sikio la kulia hutoa kivuli cha pili upande wa kushoto, tena juu zaidi ya mahali ilipo. Mtu asiyejua anaweza kufikiri kuna kitu kigeni ndani ya mfupa. Ndiyo maana mnaambiwa mvue hereni, mikufu, vibanio vya nywele, na hata rozari ya shingoni. Tafadhali msione mnasumbuliwa.

Mfano wa tatu unahusu ajali, na hapa Dodoma bodaboda zimetuongezea kazi hiyo. Mfupa wa taya la chini umepinda kama kwato la punda. Ukipigwa mahali pamoja, mara nyingi huvunjika na mahali pengine. Mtu akianguka kwa kidevu, jeraha la kidevuni huonekana na kushonwa, kumbe taya limevunjika karibu na sikio. Kwa mtoto jambo hili ni zito. Asipotibiwa, kiungo cha taya chaweza kuganda, mtoto akashindwa kufungua mdomo, na taya lisikue sawasawa. Kwa hiyo msomaji mzuri wa picha akiona ufa mmoja haridhiki, huutafuta wa pili.

Zaidi ya hayo mwanafunzi husoma fizikia ya mionzi, namna ya kumkinga mgonjwa na kujikinga mwenyewe, magonjwa ya mifupa na ya tezi za mate, na jinsi ya kuandika ripoti ambayo daktari mwingine ataielewa. Pia hujifunza kwamba si kila kitu chatakiwa eksirei. Tezi ya mate iliyovimba huweza kuchunguzwa kwa altrasaundi, ambayo haina mionzi hiyo. Kiungo cha taya kinachouma huweza kuhitaji mashine ya sumaku. Kuchagua chombo kinachofaa nako ni sehemu ya elimu yake.

KAZI HII NA WATOTO WETU

Wazazi wapendwa, hapa tunaomba msome kwa utulivu.

Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu bado ipo imani juu ya "meno ya nailoni", ambayo wengine huyaita "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha. Jirani anamfunua mdomo, anaona fizi imevimba mahali pa chonge, anasema ndiyo sababu ya ugonjwa. Mtoto anapelekwa kwa mtu anayechimba fizi kwa kitu chenye ncha, na kutoa kitu kidogo laini cheupe. Wanakionyesha: "Hili hapa jino la nailoni!"

Hakuna jino la nailoni. Kile kilichotolewa ni chipukizi la chonge la utoto, ambalo halijakomaa na kuwa gumu. Lingetoka lenyewe mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Homa na kuharisha vilikuwa na sababu nyingine, pengine malaria, pengine maji machafu, na sababu hiyo imebaki bila kutibiwa. Mtoto sasa ana jeraha kinywani juu ya ugonjwa wake, na anaweza kupata pepopunda, sumu ya damu au maambukizo mengine kutokana na chombo kichafu.

Madhara hayaishii hapo. Chonge la ukubwani linajengeka ndani ya mfupa, karibu na lile la utoto. Kifaa kilichochimba kinaweza kulijeruhi nalo. Mama huleta mtoto wa miaka kumi na mmoja au kumi na mbili akiuliza kwa nini chonge halijatoka, au kwa nini limetoka likiwa limepinda na lina mabaka. Picha ikipigwa hueleza habari ya siku ile ya uchanga: jino halipo kabisa, au lipo limelala upande, au lina umbo baya. Mama mwingine hulia anapoonyeshwa. Hatumlaumu, maana alitaka kumwokoa mwanawe. Lakini tunaomba mwingine asirudie. Mtoto akiwa na homa, aletwe zahanati.

Lipo na jambo jingine. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu akakutana na mtoto mwingine wa namna hiyo. Akaanza kuulizia, na mwaka 1958 akaandika juu ya uvimbe huo. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari na wenzake wawili kutoka Uganda, wakapita Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa Afrika. Walizitembelea hospitali nyingi, zikiwemo za misheni, wakiwauliza waganga na wauguzi kama wamewahi kuona watoto wa namna hiyo. Wakagundua kwamba ugonjwa hutokea zaidi katika maeneo ya joto na mvua, ambako malaria ni nyingi. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani inayokua kwa kasi ya kutisha, siku kwa siku, lakini ni miongoni mwa zile zinazoitikia vizuri dawa zikianzwa mapema.

Dalili zake za kwanza huweza kuwa kinywani: meno ya mtoto yanalegea pasipo sababu, kisha shavu linavimba. Katika picha, ule mstari mwembamba mweupe unaozunguka mzizi wa kila jino huonekana umefutika. Aliyefundishwa akiona mstari huo umekosekana hushtuka na kutafuta sababu. Asiyefundishwa hung'oa jino lililolegea na kumrudisha mtoto nyumbani, na wiki mbili za thamani zinapotea. Basi, kinachotenganisha watoto hawa wawili ni mstari mwembamba kama uzi na jicho la mtu aliyesoma.

JE, MIONZI HAITATUDHURU?

Swali hili tunaulizwa kila wiki, nalo ni swali jema. Kila mtu duniani hupokea mionzi kidogo kutoka ardhini, angani na hata katika chakula. Picha moja ndogo ya jino kwa mashine ya kisasa humpa mtu mionzi inayokaribiana na ile anayoipata kwa siku moja ya maisha ya kawaida. Picha ya taya zima ni kama ya siku chache. Skani kubwa ya kichwa huzidi sana, inaweza kufikia ya miezi mingi, na kwa hiyo haiagizwi ovyo.

Kanuni ni hii: picha ipigwe pale tu itakapobadili matibabu, na kwa kiasi kidogo cha mionzi kinachotosha. Mama mjamzito aseme hali yake mapema. Picha ya jino ikihitajika kweli hakatazwi, maana usaha ulioachwa kinywani nao ni hatari kwake. Wengine huuliza juu ya lile vazi zito la risasi. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilieleza kwamba kwa picha za meno vazi hilo halihitajiki tena, kwa kuwa kinachomkinga mgonjwa zaidi ni mashine inayobana mionzi ielekee mahali panapotakiwa tu. Kwa hiyo ukivalishwa ni sawa, na usipovalishwa usifadhaike. Fuata utaratibu wa mahali ulipo.

Katika nchi yetu, mashine hizi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2003. Chumba cha eksirei chatakiwa kukaguliwa na kupewa kibali, na wafanyakazi wake huvaa kipimo kidogo kifuani kinachoonyesha wamepokea mionzi kiasi gani.

NJIA YA KUISOMEA

Kijana anayetamani kazi hii ana njia zaidi ya moja.

Ya kwanza ni kuwa mpiga picha wa mionzi. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri masomo ya sayansi anaweza kusoma diploma ya miaka mitatu. Mafunzo ya fani hii hutolewa Muhimbili, na pia katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichopo Bugando, Mwanza. Huyu hupiga picha za mwili mzima, za taya na uso zikiwemo.

Ya pili ni kuwa daktari wa meno. Hapa kijana apite kidato cha sita akiwa na Fizikia, Kemia na Biolojia. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na mahali hapo ndipo leo palipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ni miaka mitano ya masomo na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Kila daktari wa meno hufundishwa kupiga na kusoma picha za kawaida za kinywa. Wapo pia matabibu wa meno wanaosomea vyuo vya Mbeya na Tanga, nao ndio wanaokutana na wagonjwa wengi vijijini.

Ya tatu ni kuwa daktari wa binadamu kwanza, kisha kusomea ubingwa wa radiolojia, kama unavyofundishwa Muhimbili na KCMC Moshi. Daktari bingwa huyo husoma picha za mwili wote, na kichwa kimo.

Juu ya njia hizo kuna ubingwa wenyewe wa picha za kinywa, taya na uso. Huo ni mchanga. Chama cha kimataifa cha wataalamu wake kilianzia Santiago, Chile, mwaka 1968. Marekani iliutambua kama ubingwa kamili wa udaktari wa meno mwaka 1999. Anayeutaka huko husoma miaka miwili hadi mitatu zaidi baada ya kuwa daktari wa meno. Ni safari ndefu, lakini kijana anayeanza leo kidato cha kwanza ana muda wa kutosha mbele yake.

Tunawaambia hasa wasichana: kazi hii haihitaji misuli. Inahitaji uvumilivu, macho makini na moyo wa kusema "nitazame tena" kabla ya kutoa neno. Wazazi, msikate tamaa na fizikia ya mtoto wenu. Mnunulieni daftari, mwombeni mwalimu amsaidie, na msimpe kazi za nyumbani hadi usiku wa manane.

TUFANYE NINI SASA?

Hapa Dodoma tumebahatika. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015. Hatuna sababu ya kukaa na uvimbe nyumbani miaka miwili. Kwa hiyo tunashauri:

1. Uvimbe wowote wa taya au shavu unaodumu zaidi ya wiki mbili upelekwe hospitali, hata kama hauumi. Kutokuuma si ishara ya usalama.

2. Mtoto ambaye meno yake yanalegea kabla ya wakati, au shavu linavimba kwa haraka, apelekwe siku hiyo hiyo.

3. Jino likishang'olewa na uvimbe usiondoke, usikubali kung'olewa la pili kabla ya kuuliza, "Je, nipigwe picha?" Ni haki yako kuuliza, nasi hatutakasirika.

4. Aliyeanguka na kuumia kidevu achunguzwe taya lote, hata karibu na masikio.

5. Fizi ya mtoto mchanga isichimbwe kamwe.

6. Picha uliyopigwa na ripoti yake vitunze nyumbani pamoja na kadi ya kliniki, uje navyo siku nyingine. Picha ya zamani humsaidia msomaji kujua kama uvimbe umekua au umesimama, na hukuepusha kupigwa mionzi mara ya pili bila lazima.

Binti yule wa Chang'ombe huja kliniki kila anapotakiwa, kupigwa picha na kuangaliwa kama uvimbe umerudi. Mara ya mwisho alikuja na mdogo wake wa kiume, mwanafunzi wa kidato cha pili. Kijana alisimama mbele ya kompyuta akatazama taya la dada yake kwa muda mrefu, kisha akatuuliza ni masomo gani mtu asome ili aweze kuzielewa picha zile. Tulimwandikia kwenye karatasi: Fizikia, Kemia, Biolojia. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati la shule.